Kokoto la Atakayemjibia Mtoto

Ufunguo wa chumba cha vinywa, pale hospitalini tunapowafundisha watoto kusema, nimeukabidhi juma lililopita, na mkono wangu bado unautafuta kiunoni. Ninyi wasichana mliobaki mmeniomba niwaandikie jinsi ya kuandika karatasi za nyumbani, zile tunazowapa akina mama wanaporudi kwao na watoto. Mmesema mimi ndiye fundi wa karatasi hizo. Ni kweli, mimi ndiye fundi, na sitajifanya mnyonge uzeeni. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na herufi zangu ni kubwa kama nyayo za ng'ombe, lakini zimepanda milima yote hii kutoka Matiri mpaka Maguu, zimeteremka mpaka ziwani, na watoto wamesema. Wajukuu wangu mwenyewe wanasema, tena wengine kupita kiasi. Habari za mishahara na nani alipandishwa cheo mtamwuliza karani. Yeye ndiye anayezipenda.

Mimi ni mtu wa ziwani. Baba yangu alivua usipa, dagaa wa ziwa letu, karibu na Mbamba Bay. Nilipanda huku milimani nikiwa mjane kijana, mtoto mgongoni, kutafuta kazi ya kufua mashuka ya hospitali ya misheni. Baridi ya huku ilinikuta na kanga moja. Wamatengo niliowakuta pale wakanicheka.

"Mla usipa, huku hakuna wa kukuanikia samaki juani. Utakula nini?"

"Nitakula maharage yenu," nikawaambia. "Watu wanaochimba mlima mzima mashimo kama fuko hawawezi kukosa cha kumbakizia mgeni."

Wakacheka wao, nikacheka mimi, tukaelewana. Utani ukishaanza, kazi inakwenda.

Sista aliyeanzisha chumba kile alikuwa na jina refu la utawa. Sisi tulimwita Mama Kioo, kwa sababu kioo kidogo cha mkononi hakikutoka mfukoni mwake. Aliwafundisha kusema watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka wakashonwa na daktari, watoto wa kigugumizi, na wale ambao homa imewaachia masikio na akili ikawanyang'anya maneno. Siku ya kwanza nilikuwa nafua nje ya dirisha lake, namfokea mwanangu aache kuchezea sabuni. Mama Kioo akatoa kichwa dirishani.

"Wewe. Fungua mdomo tena."

Nikadhani nimekosa. "Samahani, Sista."

"Sitaki samahani. Sema pa."

Nikasema pa. Akawaita watoto waje dirishani. "Mtazameni huyu. Mdomo wake unaonekana kutoka Songea."

Wengine hupata kazi kwa cheti. Mimi niliipata kwa ukubwa wa mdomo, na sijawahi kuuonea haya.

Vyombo vyetu mnavijua. Kioo, ili mtoto aone ulimi wake unakwenda wapi. Unyoya wa kupuliza. Mabua ya kunyonyea maji. Asali ya kupaka kwenye mdomo wa juu, ulimi uifuate huko juu wenyewe, maana ulimi haufuati amri, unafuata utamu. Na kokoto. Kokoto lilikuwa langu. Nililileta kutoka ufukweni kwetu, jeupe, limelambwa na mawimbi mpaka likawa laini, kubwa kiasi cha kutomezeka. Mtoto asipewe kamwe, hilo mlishike. Mama Kioo alilitia ndani ya kikombe cha maji juu ya meza akatangaza sheria: mtoto akiulizwa kitu na mtu mzima akamjibia, mtu mzima huyo aliweke kokoto mdomoni mpaka zamu ya mtoto iishe.

Mnacheka, lakini kaeni mlangoni mhesabu. Mtoto anaulizwa jina, mama anajibu. Mtoto anaulizwa kama ana kiu, shangazi anajibu. Mtoto mzito wa maneno amezungukwa na watu wepesi wa maneno, kila mmoja anamwonea huruma, na ile huruma inamkaba koo. Siku moja Padre aliingia kubariki chumba. Akamwuliza kijana wa kigugumizi, "Unaitwa nani, mwanangu?" Akangoja kama mtu anayengoja maji ya moto yampite vidoleni, kisha akajijibu mwenyewe, "Naona ni Yohana." Mama Kioo akamsogezea kikombe bila kusema neno. Padre alikuwa mtu wa mzaha, akaliweka kokoto mdomoni. Baraka ya siku hiyo ilikuwa fupi.

Sasa karatasi. Mama hawezi kukaa hospitali mpaka mtoto amalize kujifunza, ana shamba na watu wa kulisha. Kwa hiyo tunachokifanya chumbani lazima kifungwe kiende nyumbani. Mwanzoni karatasi zilikuwa ndefu, nzuri, zimejaa habari za jinsi mtoto alivyofanya hapa kwetu. Baba mmoja aliporudi na mtoto wake nikamwuliza kama walifuata yaliyoandikwa. Akanijibu kwa fahari, "Karatasi iko salama kabisa, mama. Hata panya hawajaigusa." Alikuwa ameichomeka darini pamoja na stakabadhi ya kodi. Sikumcheka. Karatasi aliyoizoea ni ya kodi, na kazi ya karatasi ya kodi ni kutunzwa mpaka tarishi wa boma aje aione.

Mama Kioo akasema, "Otilia, kuanzia leo andika wewe. Andika kitu ambacho mtu anaweza kukifanya akiwa na udongo mikononi." Maneno hayo ni yake, msije mkanipa mimi. Langu mimi ni moja tu nililoongeza: kila mstari uwe na kitu chake. Maana kuna nyumba moja walisomewa "apulize unyoya" wakachinja jogoo mzima ili wapate unyoya. Mtoto alikunywa supu, faida ikawa hiyo. Tangu hapo nikawa natuma unyoya wenyewe. Mstari wa bua, bua lipo. Mstari wa asali, jani limefungwa na asali ndani. Karatasi inavingirishwa juu ya vitu vyake, inafungwa uzi. Msomaji akisoma mstari, kitu kinatolewa. Vitu vikiisha, karatasi imeisha.

Hilo lilikuja kuokoa nyumba ya mtu, na ndiyo habari niliyotaka kuifikia.

Alikuja mwanamke kutoka Maguu, jina lake Gaudensia, na mwanawe Beno, mtoto wa umri wa kuanza kutumwa maji. Beno alikuwa akisema kama watoto wote. Degedege ikamkamata, ikamwachia uhai, maneno ikaenda nayo. Anasikia, anaelewa, ukimwambia lete kijiko analeta. Ila mdomo umefungwa. Gaudensia hakukaa kwenye benchi. Alisimama ananitazama kama mtu anayefukuzwa.

"Mama, nipe karatasi yenye nguvu," akasema.

"Karatasi si dawa, mwanangu. Kaa chini, niambie."

Akaniambia akiwa amesimama vilevile. Mumewe alikuwa mkongeni, Tanga, manamba wa mkataba. Yeye alikwenda Matiri kwenye msiba wa dada yake bila kumuaga baba mkwe, Mzee Ndunguru, kwa sababu habari ilimkuta shambani na alikimbia kama alivyo. Huko Matiri ndiko Beno alikopatwa na degedege. Aliporudi na mtoto asiyesema, mzee alikaa kimya siku nyingi, kisha akatoa neno lake mbele ya wanaume wote wa ukoo: kahawa ikishavunwa ikauzwa, kama mjukuu wake hajamwita kwa mdomo wake mwenyewe, Gaudensia arudi alikokwenda bila kuaga. Mtoto atabaki kwao, ni wa ukoo.

"Na kahawa?" nikamwuliza.

"Imeshaanza kuwa nyekundu, mama."

Tulimfundisha Beno kadiri tulivyoweza. Mbele ya kioo alipuliza, alitoa ulimi, alicheka hata. Neno hakutoa. Nikamwandikia Gaudensia karatasi ya mazoezi ya asubuhi, unyoya na asali, wakaondoka. Aliporudi, mikono yake ilikuwa na utomvu wa kahawa mbichi, na Beno alikuwa vilevile.

"Mmefanya?"

"Kila alfajiri, kabla hajaenda kwa babu yake."

"Anakwenda kwa babu yake kufanya nini?"

Akanishangaa kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. "Si ni mtoto wa kiume? Anashinda kwa babu, anakula senguni."

Mimi mtu wa ziwani nilikuwa nimekaa huku miaka na bado hilo lilinipita pembeni. Sengu ni banda la wazi uani kwa mzee, ambapo wanaume wa ukoo na watoto wao wa kiume hula pamoja na kukata mashauri yao. Wanawake tunapeleka chakula, tunapiga goti, tunaondoka. Na mtoto senguni hanyanyui sauti mbele ya wazee. Ananyoosha mkono zamu yake ikifika, anakula, ananyamaza. Beno alikuwa amepata mahali ambapo kunyamaza kwake ni adabu. Kutwa nzima hakuna aliyemngoja aseme, hakuna aliyehitaji aseme. Wazee walikuwa wakimsifu!

Mama Kioo alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Basi tumekuwa tukimwandikia mtu ambaye hana mtoto," akasema. "Mwenye mtoto ni mzee."

"Basi nimwandikie mzee."

"Otilia, utamwandikiaje mzee jinsi ya kugawa chakula senguni kwake? Mwanamke? Wa ziwani? Akikasirika hatangoja kahawa iuzwe. Atamfukuza kesho."

Gaudensia alikuwa amesimama hapo anasikia yote. Nikamwuliza yeye, maana kichwa kilichokuwa kwenye shoka ni chake. Alikaa kwenye benchi kwa mara ya kwanza.

"Andika," akasema.

Kulikuwa na kigingi kingine. Karatasi zote za nyumba ile zilisomwa senguni na shemeji yake, Kasiani, mdogo wa mumewe, kwa sababu mzee hakujua kusoma. Kasiani hakuwa mwizi wala mlevi. Alikuwa mtu anayesoma anachokitaka. Alishasema wazi kwamba kaka yake angefaa kuoa binti wa upande wa mke wake, msichana mpole, asiyekimbilia misiba. Karatasi yangu itapita kwenye mdomo wa mtu anayeombea ishindwe.

Niliiandika, nikaifuta, nikaiandika tena. Iliposimama ilikuwa hivi:

"Shikamoo Babu. Ni mimi Otilia wa hospitali. Mjukuu wako Beno anasikia na anaelewa, hana ujinga wowote. Kijiko: kitoweo cha Beno akigawe Babu mwenyewe kwa kijiko hiki. Amwonyeshe vitu viwili, amwulize, hiki au hiki. Punje ya rozari: akishauliza, Babu na wote wanyamaze kwa muda wa Salamu Maria moja ya moyoni. Beno akitoa sauti yoyote, apewe. Asipotoa, apewe vilevile, asilale njaa kwa ajili ya karatasi. Kokoto: atakayemjibia Beno, awe nani awaye, aliweke mdomoni mpaka chakula kiishe. Hata sisi hospitalini tunafanya hivyo, na Padre amefanya."

Angalieni vizuri, wasichana. Hakuna humo "mtoto amejitahidi," hakuna "mama azingatie." Kuna nani ashike nini, aseme nini, anyamaze kwa muda gani, na ikishindikana afanye nini. Saa hawana, Salamu Maria wanayo wote. Na ile ya "apewe vilevile" msiiache kamwe. Watu wa huku wanaheshimu karatasi. Ukiandika nusu wataitii nusu, na mtoto atakaa na njaa kwa utii wao.

Nikaifunga mwenyewe, nikaibeba mwenyewe mpaka Maguu, kutwa nzima kwa miguu, Gaudensia mbele, Beno katikati. Kwenye mashimo ya ngolo, kilimo cha Wamatengo mlimani, maharage yalikuwa yamekwisha kung'olewa, na kila ua tuliopita kahawa ilikuwa imeanikwa. Gaudensia alikuwa akiitazama kila mkeka, anapima kwa macho imekauka kiasi gani.

Jua lilikuwa linazama tulipofika. Nilipiga goti ukingoni mwa sengu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee Ndunguru alikuwa mwembamba, na shingo iliyonyooka kama mti wa kufungia ng'ombe. "Wewe ndiye mla usipa?"

"Ndiye mimi, baba. Nimeleta karatasi."

"Karatasi ya mama Beno?"

"Yako, baba."

Akaipokea, akaigeuza geuza. Nadhani hakuwahi kupata karatasi isiyodai kitu. Akampa Kasiani. Mimi nikaondoka kwenda jikoni, kama inavyopasa. Lakini jiko lile lilikuwa limezungushiwa mianzi, na mianzi haizuii sauti. Wanawake wa nyumba ile walijua kila shauri la ukoo kabla wanaume hawajamaliza kulikata. Mama mkwe wake Gaudensia alitunyamazisha kwa kuinua mwiko. Tukasimama pale, tukatega masikio.

Kasiani akafungua uzi. Akasoma shikamoo. Akasoma kijiko, mzee akapokea kijiko. Akasoma punje ya rozari, mzee akapokea punje. Nikasikia karatasi inakunjwa.

"Imeisha, baba."

Gaudensia alinishika mkono, kucha zikaingia.

"Na kokoto hili lililobaki?" mzee akauliza.

"Kokoto ni la kuzuia karatasi isipeperuke na upepo."

Nikasikia kokoto likigongwa juu ya kigoda.

"Karatasi ilikuwa imefungwa uzi, Kasiani. Na ndani ya uzi hakuna upepo. Soma."

Akasoma. Alisoma kwa sauti ya mtu anayekula kitu kichungu, na alipofika kwenye Padre wanaume waliangua kicheko. Mzee hakucheka. Akasema, "Leteni maharage na mboga." Nikamsikia akiuliza, "Beno. Hiki, au hiki?" Na sengu yote ikanyamaza. Mimi jikoni niliisali ile Salamu Maria mpaka mwisho, nikaona jinsi ilivyo ndefu. Beno hakutoa sauti. Mzee akampa, kama ilivyoandikwa, watu wakala.

Nilirudi hospitalini bila jibu. Hiyo nayo ni kazi, wasichana, kurudi bila jibu na kesho yake kuwapulizisha wengine unyoya. Habari zilinifikia kwa wanawake waliopita na mizigo ya kahawa. Kwamba mzee hajaacha hata jioni moja. Kwamba wanaume wananung'unika ugali unapoa, na mzee anawaambia mwenye haraka akale kwa mkewe. Kwamba Kasiani ameacha kujibu kwa mdomo, sasa anamwonyesha Beno kwa kidevu kipi achague, na mzee amemwambia, "Kidevu nacho kina mdomo. Kokoto hilo hapo." Kwamba Beno ameanza kutoa pumzi, hm, lakini neno hapana. Halafu ikaja habari nisiyoitaka: kahawa ya Mzee Ndunguru imepimwa, imeuzwa, na Gaudensia ameambiwa ajiandae.

Nilimwomba Mama Kioo ruhusa. "Nenda," akasema. "Lakini utafanya nini huko, Otilia? Neno si jino, huwezi kuling'oa."

"Nitabadilisha kitoweo," nikasema.

Maana nilikuwa nimelifikiri siku zote hizo, mikono ikiwa kwenye mashuka na sabuni. Maharage au mboga, mboga au maharage. Mtoto yupi atavunja kimya kwa ajili ya maharage, huku Umatengoni? Kaka yangu alikuwa ameniletea samaki wakavu kutoka ziwani, magege wanene, wananukia mpaka barabarani. Gaudensia alishaniambia kwamba kabla ya homa, Beno alikuwa akilia akinyimwa samaki. Nikawafunga samaki kwenye jani la mgomba, nikapanda nao Maguu.

Nilipoingia jikoni niliona tenga la Gaudensia mlangoni, limefungwa kamba. Vyombo vyake vyote vilikuwa ndani. Hakulia. Alichukua samaki wangu akawachemsha na nyanya, akawatenga kwenye bakuli peke yao. Mama mkwe akaonja mchuzi, akaongeza chumvi, akasema, "Kipeleke chakula." Akakipeleka, akapiga goti, akarudi. Tukasimama kwenye mianzi.

Safari hii niliangalia. Kati ya mwanzi na mwanzi kulikuwa na upenyo, na sioni haya, ni kazi yangu. Mzee alishika kijiko chenye maharage mkono wa kushoto, akainua kipande cha samaki kwa mkono wa kulia. Harufu ilikuwa imeshaingia kwenye pua za watu wote.

"Beno. Hiki, au hiki?"

Beno alitazama samaki. Mdomo wake ukafunguka, ukajifunga. Koo likapanda, likashuka. Mate yalikuwa yanaonekana kutoka jikoni. Wanaume walikuwa wameinama, kila mmoja na Salamu Maria yake au njaa yake. Nilijua tumekaribia, na nilijua kwamba mtu yeyote akigusa kimya kile kitavunjika.

"Lo! Si anataka samaki huyo, mpe tule!" Kasiani akasema.

Gaudensia alifumba macho.

Mzee hakugeuza shingo. Alinyoosha kidole tu, kuelekea kikombe cha kokoto kilichokuwa kando ya kigoda chake. Kasiani akasonya, akalichukua kokoto, akaliweka mdomoni. Shavu lake likavimba upande mmoja kama la mtu anayeumwa jino. Na macho yake yakatoka, kwa hasira.

Beno alimtazama baba yake mdogo. Akacheka. Alicheka kicheko cha tumboni, cha sauti, ambacho hakijasikika senguni tangu degedege, na mzee akaendelea kushika samaki palepale juu, mkono umenyooka, hasemi, hatikisiki, anangoja. Kicheko kilipokwisha mdomo wa Beno ulikuwa bado uko wazi. Akanyoosha mkono.

"Maki," akasema.

Mkia wa neno tu. Kichwa chake kilibaki tumboni. Lakini ulisikika mpaka jikoni, na mama mkwe alidondosha mwiko.

"Nani kasema?" mzee akauliza polepole.

Hakuna aliyemjibia. Sengu nzima, watu wazima na ndevu zao, hakuna aliyethubutu.

"Maki!" Beno akasema tena, sasa kwa uchungu, maana samaki alikuwa anacheleweshwa. Akapewa.

Wakala. Kasiani hakula, angekulaje. Chakula kilipokwisha akatoa kokoto, akalirudisha kwenye kikombe, akafuta mdomo. Nikajua halijaisha.

"Baba," akasema, na sauti yake ilikuwa ya heshima, "mimi nimefurahi kama wote. Ila neno lako ulilisema hapa hapa, tukalisikia. Ulisema akuite. Mtoto hakukuita. Ameita samaki."

Ilikuwa kweli. Neno la mzee ni neno. Gaudensia aliinama akashika ukingo wa tenga, tayari kulinyanyua.

Mzee Ndunguru alikuwa anafuta kile kijiko cha mti kwa kidole gumba, mbele na nyuma.

"Samaki alikuwa ameshikwa na nani?" akauliza.

Kasiani hakujibu.

"Nimekuuliza wewe, jibu. Hapa hakuna wa kukujibia."

"Na wewe, baba."

"Basi aliyeitwa ni mimi." Akaweka kijiko chini. Kisha akainua sauti kuelekea jikoni, na hakusema Gaudensia, wala hakusema yule mwanamke. "Mama Beno! Mikono yetu ina samaki. Leta maji tunawe."

Kata ya maji ilikuwa ndani ya tenga, chini kabisa, chini ya vyombo vyote. Nikamsogelea nimsaidie kufungua fundo. Hakuningoja. Aliikata ile kamba kwa meno.